Mzee Sadalla Ana Sukari

Nyumba ilikuwa na vyumba sita, ukumbi mmoja, ua mmoja na choo kimoja. Msomaji mwenye haya na avumilie, kwa kuwa choo hicho ndicho kitakachoamua kesi hii kama Mahakama Kuu, na kabla jua la Jumamosi ile halijatua, karibu kila mkazi wa nyumba atakuwa amesimama mbele ya mlango wake akisubiri zamu.

Aliyeifungua kesi ni Paskalina, mpangaji wa chumba cha tatu, mama wa Newala mwenye macho ambayo Serikali ingeyajua ingeyataifisha. Asubuhi hiyo alitoka chooni na kopo lake la maji mkononi, akasimama katikati ya ua, akageuka kutazama alikotoka.

"Kuna sisimizi," alisema.

Kuruthumu, mke wa Mzee Sadalla, alikuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi akivuruga ukwaju ndani ya ndoo. Ndiyo biashara yake: juisi ya ukwaju, baridi, kituo cha basi cha Msimbazi. "Sisimizi wako Kariakoo nzima, mama," alijibu bila kuinua uso.

"Hao ni wa kupita. Hawa hawapiti. Wamejazana pembeni pale kama wameitwa mkutano wa hadhara."

Mkono wa Kuruthumu ulisimama ndani ya ndoo. "Labda kuna mende kafa."

"Mende mmoja hawezi kuita umati ule. Sisimizi nawajua mimi. Hawaendi pasipo na utamu." Paskalina alishusha sauti, jambo alilolifanya pale tu alipotaka kusikika zaidi. "Na aliyetoka mle kabla yangu ni mzee wako."

"Sasa unataka kusema mzee wangu anaoga kwa sukari?"

"Mimi sisemi kitu, Mama Sitara. Nimesema kuna sisimizi."

Akaenda zake chumbani. Lakini moyoni alikuwa na jambo zaidi ya sisimizi. Kuta za nyumba ile zilikuwa za kiungwana kwa chini tu. Kwa juu hazikufika kwenye bati, na maneno ya chumba kimoja yalikuwa mali ya umma. Juzi yake, Kuruthumu alitembelewa na kaka yake, Kitwana, baharia wa meli za mizigo, na Paskalina, aliyekuwa amejilaza akijipepea kwa kipepeo cha ukili, alisikia kila neno kama redioni.

"Usimwambie mtu," Kuruthumu alikuwa amesema. "Shemeji yako ana sukari. Tena nyingi. Watu wa kamati wakijua, watamtoa dukani."

Na Kitwana akajibu: "Basi hii niliyomletea aifiche vizuri. Asiiache nje, watu wataimaliza."

Paskalina aliyabeba maneno hayo tangu juzi bila kuyatua. Kwake ilikuwa kama mfungo.

Ieleweke kwamba huo ulikuwa mwaka ambao sukari ilipotea Dar es Salaam kama mume mwenye madeni. Watu walikunywa chai kwa tende, wengine kwa pipi, wengine kwa kumbukumbu. Walanguzi walikuwa wakisakwa mtaa kwa mtaa, na aliyekutwa na gunia chini ya kitanda alipakiwa kwenye Landrova na gunia lake. Na Mzee Sadalla, kati ya watu wote wa Mtaa wa Mchikichi, ndiye aliyekuwa mwuza duka la ushirika. Sukari ya mtaa, ikija, ilipita mikononi mwake.

*

Mbele ya duka la ushirika palikuwa na foleni ndefu, na ndani ya foleni hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja. Palikuwa na mawe. Kila mwenye shughuli zake aliweka jiwe kushika nafasi, akaondoka, na jiwe likasimama badala yake kwa uaminifu ambao binadamu hana. Nusu tofali lenye rangi ya kijani lilikuwa la Augustino, fundi cherehani na balozi wa nyumba kumi. Kipande cha kinu kilikuwa cha Paskalina. Mzee Sadalla aliyajua yote na aliyaheshimu kama watu, na mengine aliyaheshimu kuliko wenyewe.

"Shikamoo, mzee. Gari la sukari limekuja?" aliuliza mama mmoja aliyekuja kukagua jiwe lake.

"Marahaba. Halijaja, ndugu."

"Litakuja lini?"

"Likija utaliona, maana utasikia mbio." Mzee Sadalla alichukua chupa ya maji chini ya meza akanywa hadi nusu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia safi na mkono usiotetemeka kwenye mizani. Ilisemekana akipima nusu kilo ya mchele hurudisha punje. Lakini siku hizi shati lilimlegea mabegani, na kiu yake haikuwa na mwisho. Aliweka chupa chini, akatoka haraka kuelekea nyuma ya duka. Alikuwa ametoka vivyo hivyo muda mfupi uliopita.

Augustino alikuwa pale barazani na Paskalina, naye Paskalina alikuwa keshatua mzigo wake wote: sisimizi, ukuta, zawadi ya shemeji.

"Unaona?" Paskalina alisema. "Kila mara anakwenda nyuma. Kuna nini nyuma?"

Augustino alikuwa mtu wa Masasi, mwema, mwoga kidogo, ambaye tangu achaguliwe balozi alizungumza hata na mkewe kama anayehutubia taifa. Alikunja mikono kifuani. "Ndugu Paskalina, tuhuma hizi ni nzito. Mzee Sadalla ni mtu niliyempigia kura mwenyewe kwenye kamati ya duka."

"Hata mimi nilinyoosha mkono. Ndiyo maana inauma."

"Umeisikia kwa masikio yako? Kwamba ana sukari?"

"Na nyingi. Mkewe ndiye aliyesema, si mimi."

Balozi alitazama foleni ya mawe, akaona tofali lake la kijani likichomwa na jua bila kosa lolote. Moyo wake, uliokuwa haujaonja chai tamu tangu Pasaka, ukawa mgumu.

"Tutakagua leo," alisema. "Kwa mujibu wa taratibu."

*

Mchana Mzee Sadalla alirudi kula. Kuruthumu alimwekea ugali na mchicha, akakaa mbele yake na ndoo yake ya ukwaju kando, kama mtu aliyeleta mgonjwa wa pili.

"Jana nimerudi na ndoo nzima," alisema. "Mtu mmoja kanywa, kakunja uso, kaniuliza kama ninauza juisi au ninalipa kisasi. Baba Sitara, vijiko vichache tu kutoka kwenye lile kopo. Nani atajua?"

"Tumbo la mteja litajua."

"Wewe mbona unakula?"

"Kijiko kimoja kwenye chai. Siku ya kwanza niliweka vitatu, umesahau? Nilikaa chooni mpaka nikawa nasalimiwa kwa jina na mijusi."

Kuruthumu alicheka, akaziba mdomo kwa kanga. Kopo lenyewe lilikuwa chini ya kitanda: la bati, zito kiasi cha kilo moja na ushei, lenye maandishi ya Ulaya ambayo Kitwana alisomewa bandarini na kukumbuka nusu. Ndani yake mlikuwa na unga mweupe wa chembechembe, mtamu, usiotofautiana na sukari kwa macho wala kwa ulimi. Kitwana alikuwa amesema kwamba huko nchi za watu, wenye ugonjwa wa sukari hutilia huo kwenye chai, na kwamba usizidishwe, kwa sababu ukizidishwa tumbo hushika kipaza sauti.

"Hiyo ni dawa," Mzee Sadalla alisema. "Na dawa haiuzwi kwa kikombe kituo cha basi. Watu wananiamini."

"Basi waambie unaumwa. Paskalina keshaanza kuhesabu sisimizi."

Mzee alimega ugali. Mganga wa zahanati alikuwa amemweleza yote: mkojo wake ulipochemshwa na ile dawa ya buluu, uligeuka rangi ya tofali. Sisimizi walikuwa wamejua kabla ya mganga. "Nikisema naumwa, kamati itasema mzee apumzike. Nikipumzika, duka anapewa nani? Na mimi nitakuwa nani? Mume wa muuza ukwaju mchungu."

"Si mchungu. Ni mkali."

"Ni mkali, mke wangu. Nisamehe."

Alimaliza ugali, akaongeza tonge, kisha akaongeza jingine. Tangu apate kopo lile alikuwa amejipa ruhusa ndogondogo kwenye chakula, akiamini kwamba sukari aliyoiacha kwenye chai ilimwachia nafasi kwenye sahani. Kuruthumu aliona, akataka kusema, lakini mlango uligongwa.

*

Balozi Augustino alikuja na mgambo mmoja aitwaye Vitalis, kijana aliyekabidhiwa kirungu lakini bado hajakabidhiwa viatu. Nyuma yao alikuja Paskalina, na nyuma ya Paskalina walikuja wapangaji wote, na majirani wa nyumba ya pili, ambao walikuwa wakipita tu, kila mmoja na kikombe chake mkononi.

"Hodi," alisema Augustino, akiwa tayari ndani. "Mzee Sadalla, tumefika kwa niaba ya mtaa. Pana taarifa kwamba humu ndani pana sukari."

"Hamna sukari humu, Ndugu Balozi."

"Ndugu Vitalis, chini ya kitanda."

Vitalis alipiga magoti. Ilitoka ndara moja, ikatoka sufuria iliyotoboka, na shumizi ya Kuruthumu, ambayo Vitalis aliinua juu kabla hajajua ni nini. Watu wakacheka. Kuruthumu aliichukua, akaikunja, akabaki nayo mkononi. Kisha likatoka kopo.

Kicheko kikakoma. Augustino alifungua mfuniko, akalowesha kidole, akachovya, akaweka ulimini. Akafumba macho. Akachovya tena, kwa ajili ya uhakika wa kisheria.

"Tamu," alisema kwa huzuni.

Mzee Sadalla alisimama. Uso wake ulikuwa umefifia kama karatasi ya chai. Alimtazama mkewe, naye akamwitikia kwa kichwa: sema. Kilichokuwa kikimtafuna miezi yote hiyo kilikuja mpaka mdomoni.

"Ndugu zangu," alisema. "Nilikuwa nikificha, na kuficha si vizuri. Ni kweli. Mimi nina sukari."

"Kakiri," alisema Vitalis. "Mmesikia wote. Kakiri mwenyewe."

"Sikiliza, kijana. Nina ugonjwa. Ugonjwa wa sukari."

"Hata mimi ninao," alisema Paskalina. "Sijaiona tangu Kwaresima. Ninaiota."

"Huu ni ugonjwa wa kweli, mama. Sukari iko mwilini."

"Mwilini mwako inafanya nini wakati sisi tunakunywa uji wa chumvi?"

"Jamani," alisema Kuruthumu, "mume wangu ana sukari, ndiyo maana hatumii sukari, ndiyo maana kaletewa hii, ambayo ni sukari lakini siyo sukari."

Kila mtu aliyapanga maneno hayo kichwani, akayapangua, akaona hayapangiki. Augustino aliweka mfuniko juu ya kopo taratibu.

"Mama Sitara, mimi nimesoma mpaka darasa la saba la zamani. Kitu kikiwa sukari hakiwezi tena kuwa siyo sukari. Mzee Sadalla, Jumatatu asubuhi nitakufikisha ofisi ya kata na kopo hili, na kutoka hapo polisi. Leo ofisi imefungwa. Mpaka hapo utakaa barazani chini ya ulinzi wa Ndugu Vitalis. Duka halifunguliwi. Ufunguo."

Mzee Sadalla alitoa ufunguo mfukoni. Haukutaka kutoka haraka; ulikuwa umefungwa kwa uzi kwenye kitanzi cha suruali, na ikabidi asimame mbele ya majirani wote akifungua fundo lililokaza, balozi akiwa amenyoosha mkono. Hakuna aliyecheka safari hii. Hata Paskalina alitazama pembeni.

*

Sasa pakazuka swali la kikatiba. Kopo lingelala kwa nani mpaka Jumatatu?

"Kwangu," alisema Augustino. "Mimi ndiye balozi."

"Likilala kwako," alisema Paskalina, "Jumatatu litaamka limepungua."

"Unanitukana, Ndugu Paskalina."

"Sikutukani. Nakujua unavyopenda chai."

Ikapendekezwa lilale kwa Vitalis. Vitalis mwenyewe akacheka. Ikapendekezwa lilale kwa Paskalina, na hakuna aliyeunga mkono hoja. Ndipo sauti moja kutoka nyuma, ambayo baadaye hakuna aliyekubali kuwa yake, ikasema kwamba mali ya umma iliyokombolewa kutoka kwa mlanguzi inapaswa kurudi kwa umma. Vibakizwe vijiko viwili vya ushahidi. Iliyobaki igawanywe kwa usawa, leo, hapa, kijamaa.

Macho yote yaligeukia ndoo ya ukwaju.

"Msinywe," alisema Mzee Sadalla kutoka barazani. "Nawaombeni. Itawaharibu matumbo."

"Kila mwenye sukari husema haifai," alijibu Paskalina. "Tumewazoea."

"Ndugu Balozi, wewe una akili. Kijiko kimoja kwa mtu mzima, tena kwa siku."

"Wewe ulikuwa unajipimia kwa kijiko," alisema Augustino, "sisi mtaa mzima unatupimia kwa subira."

Mzee alitaka kuinuka, lakini mkewe alimshika bega. Kuruthumu alikuwa bado na shumizi yake mkononi, imekunjwa vizuri.

"Waache, Baba Sitara. Wametaka ushahidi. Wanywe ushahidi."

Akainuka, akalichukua kopo mwenyewe, akabakiza vijiko viwili kwa ajili ya sheria, akamimina kilichobaki chote ndani ya ndoo. Akakoroga kwa mwiko, mbele na nyuma, kwa utulivu wa mpishi wa harusi. Kisha akateka kikombe cha kwanza akampa balozi kwa mikono miwili, kwa heshima kamili.

Kwa kweli ilikuwa juisi nzuri. Mtu aliyekaa muda mrefu bila utamu hanywi, anarudi nyumbani. Augustino alikunywa akasahau kuhutubia. Vitalis alikunywa kirungu kikiwa kwapani, akarudia, akarudia tena kwa kuwa yuko kazini. Paskalina alilamba ukingo wa kikombe. Majirani walimsifu Kuruthumu kwa namna ambayo hajawahi kusifiwa kituo cha basi, na wengine wakasema kwamba kama mumewe angefungwa, yeye asikate tamaa, biashara ipo. Ndoo ikaisha mpaka mbegu.

Mzee Sadalla na mkewe peke yao walikunywa maji.

*

Dalili ya kwanza ilikuwa ya sauti. Barazani, kando ya mfungwa wake, Vitalis alisikia ngoma ndani ya shati. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Imeanza," alisema Mzee Sadalla kwa upole.

"Nini imeanza?"

"Tulia tu. Usicheke, usikohoe."

Vitalis alitulia kwa muda mfupi sana. Kisha akasimama wima kama aliyeamriwa. Kazi ya ulinzi na haja ya mwili vilishindana usoni mwake, na kama ilivyo kwa majeshi mengi, kazi ilishindwa. "Mzee," alisema, "nishikie." Akampa mfungwa kirungu, akakimbia uani.

Mlango wa choo ulipofungwa, Paskalina alitoka chumbani akitembea hatua fupifupi, kama bibi harusi. Aligonga.

"Kuna mtu," alijibu Vitalis kutoka ndani, kwa sauti ya mtu asiyetoka karibuni.

Wa chumba cha tano akatoka. Wa chumba cha kwanza akatoka. Paskalina alikumbuka choo cha nyumba ya pili, akafika mpaka mlangoni, akakuta majirani nao wamesimama kwenye mstari, wamekunja mikono tumboni, hawasalimiani. Akarudi mbio, akakuta amepoteza nafasi.

"Mimi nilikuwa hapa."

"Hukuwa hapa. Ulikuwa kule."

"Nilikuwa wa pili."

"Una jiwe?" aliuliza wa chumba cha tano.

Swali hilo liliingia akilini mwa kila mtu kwa wakati mmoja. Kwa vile aliyebanwa hawezi kusimama mahali pamoja, na anayetembea hupoteza nafasi, kila mmoja alichukua alichokiona uani, akakiweka kwenye mstari kuelekea mlango wa choo, na kwenda kuzunguka mwembe wa jirani au kuegemea ukuta na kumkumbuka Mungu wake. Likawekwa jiwe la kusagia. Likawekwa figa, likawekwa la pili. Ndipo Augustino, balozi wa nyumba kumi, akaingia uani akitembea taratibu mno, uso wake ukiwa umejaa heshima na jasho, na mkononi amebeba nusu tofali lake la kijani.

Bila mwenyekiti foleni ile ingevunjika na mambo ya aibu yangetokea. Lakini palikuwa na mtu mmoja Mtaa wa Mchikichi aliyejua foleni. Mzee Sadalla aliinuka barazani, akaja uani na kirungu mkononi, akasimama mlangoni pa choo kama alivyosimama miaka yote nyuma ya mizani.

"Mmoja mmoja, ndugu zangu. Hakuna kusukumana. Vitalis, malizia, kuna wenzako. Lile figa la nani? Lako, mama? Sogea. Mwenye mimba atangulie." Akamwona balozi akiliinua tofali lake kimyakimya na kulihamisha mbele ya jiwe la kusagia. "Ndugu Balozi. Rudisha tofali."

"Mzee Sadalla, mimi ni kiongozi."

"Ndiyo maana nimekwambia kwa sauti ya chini."

Tofali likarudi.

*

Mtu mmoja wa nyumba ya pili alipiga mbiu ya kipindupindu, na Aristides, mganga wa zahanati, akaja kwa baiskeli akikanyaga kama anayefukuzwa, mkoba wake ukining'inia kwenye usukani. Aliingia uani, akaona mstari wa mawe, akaona nyuso, akauliza swali la kwanza la kila mganga.

"Mmekula nini?"

Kuruthumu alimletea kopo. Aristides aliligeuza, akasoma yale maandishi ya Ulaya kwa midomo inayotembea, kisha akalegea, akaegemea baiskeli yake na kuanza kutikisika mabega. Ilichukua muda kufahamu kwamba anacheka.

"Lote?"

"Vijiko viwili vipo," alisema Augustino, akijishika tumbo. "Vya ushahidi."

"Hamtakufa. Kunyweni maji mengi, kesho mtakuwa wazima." Mganga alifuta macho. "Hiki ni kitamu cha wagonjwa wa sukari. Ulimi hauujui uongo wake, unapokea. Lakini utumbo hauwezi kukipokea chote. Kinachobaki kinavuta maji kwa ndani, kisha kinashuka kwa vile vijidudu vinavyoishi humo humo matumboni. Vyenyewe vinakifanyia karamu, na hiyo karamu ndiyo ngoma mnayoisikia."

"Kwa hiyo siyo sukari," alisema Paskalina polepole.

"Siyo."

"Lakini mzee kasema ana sukari."

"Anayo. Mwilini. Mkojoni mpaka sisimizi wanajua." Aristides alimgeukia Mzee Sadalla, aliyekuwa bado ameshika kirungu mlangoni. "Mzee, kwani hukuwaambia una sukari?"

"Niliwaambia," alisema Mzee Sadalla. "Wakanikamata."

Kwanza alicheka Kuruthumu. Halafu akacheka Vitalis, aliyekuwa chooni kwa zamu ya pili, sauti ikatoka na mwangwi. Halafu wakacheka wote, kwa uangalifu, maana kucheka kwa nguvu kulikuwa na hatari zake siku ile.

"Na wewe mzee usijichekee," Aristides alisema. "Umekonda bado. Unakula namna gani?"

"Chai kijiko kimoja cha hiyo."

"Sikukuuliza chai."

"Anaongeza ugali," alisema Kuruthumu. "Anasema kafidia."

"Ndiyo ninachokiogopa. Mtu akipewa utamu usio sukari, anajiona ana akiba, anaila kwenye sahani. Ugali nao ukifika tumboni unakuwa sukari, mzee. Kopo hili linakusaidia kidogo, halikuponyi. Dawa ni ulimi kuzoea chai kavu."

"Chai kavu," alisema Mzee Sadalla. "Mimi, mwuza sukari."

Neno hilo lilimkumbusha. Mkono wake ulipapasa kitanzi kitupu cha suruali. Watu nao walikumbuka ufunguo uliokuwa mfukoni mwa balozi, na sasa kila mtu uani alijua siri aliyoificha: mzee ni mgonjwa, na kamati ina haki ya kumpumzisha. Kuruthumu alikuja akasimama karibu naye.

Augustino alikohoa, akajuta kukohoa, akasubiri kidogo. Kisha akautoa ufunguo na uzi wake.

"Ndugu wananchi," alianza, na kwa mara ya kwanza hotuba yake ilikuwa fupi, kwa sababu ilibidi. "Mimi nilipewa kopo nikashindwa kukaa nalo hata mpaka jioni. Ninyi hamkumwamini mtu hata mmoja alale nalo, na mlikuwa na haki. Huyu hapa kalala juu yake, anakula kijiko kimoja. Dukani amezungukwa na sukari ambayo haruhusiwi hata kuilamba. Mlinzi wa sukari asiyeweza kuila, nchi nzima hii, tutampata wapi mwingine?"

"Hoja," alisema Paskalina.

"Wanaoafiki wanyooshe mikono."

Mikono ilinyooshwa. Ikashuka upesi, kwa kuwa ilihitajika kwingine. Mlango wa choo ukafunguliwa, Vitalis akatoka akiwa mtu mzima zaidi, na Mzee Sadalla akafunga ufunguo wake kwenye kitanzi, mafundo mawili, kabla ya kuita jiwe lililofuata.

*

Gari la sukari lilikuja baada ya mvua za kwanza. Foleni ilianza kwa mawe, ikamalizika kwa watu, na mkono wa Mzee Sadalla haukutetemeka. Kuruthumu alikuwa mtu wa mwisho kupimiwa, kwa sababu mumewe alisisitiza iwe hivyo, na ndoo yake ilirudi kituo cha Msimbazi ikiwa tamu kwa kiasi. Paskalina ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza. Alinusa kikombe kabla ya kunywa, akaomba radhi, akanusa tena.

Asubuhi za Jumapili Paskalina alimpelekea Mzee Sadalla uji usiotiwa kitu, akakaa kumtazama mpaka amalize, na akitoka chooni alimpa habari bila kuulizwa: "Wamepungua, mzee. Leo walikuwa wachache, tena wamekonda." Zahanati nayo ilikubaliana na sisimizi. Mkojo haukugeuka tofali tena, uligeuka kijani, na Aristides alisema kijani si mbaya, aendelee hivyo hivyo.

Jioni moja, Mzee Sadalla akifunga duka, alikuja mgeni wa mtaa, kijana mwenye haraka, akaegemea dirisha.

"Shikamoo, mzee. Eti una sukari?"

Barazani Augustino aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Mzee Sadalla aliweka kofuli mlangoni, akaligeuza, akalivuta kujaribu kama limeshika.

"Marahaba, mwanangu. Ya dukani imekwisha," alisema. "Iliyobaki ni yangu mwenyewe, na hiyo, pamoja na ujamaa wetu wote, sina namna ya kukugawia."